Kinyaa Si Chuki

Mdogo wangu mpenzi,

Salaam nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto, nikitumaini nyote hamjambo. Mimi mzima. Mdomo uliopindwa na kiharusi umerudi mahali pake, kijiko nashika mwenyewe, na kazini nimekwisha kugombana na kila mtu, kwa hiyo jua nimepona.

Kamusi yetu imefika herufi K. Juzi Mkuu wetu wa kazi alitaka neno kinyaa tulieleze kwa neno moja tu, chuki, tusonge mbele. Nikawaka. Nilimwambia chuki ina hoja: ninayemchukia naweza kumshtaki, kumjibu, hata kupatana naye. Kinyaa hakina hoja. Karaha tumeiazima kwa Waarabu, inakaribishwa sebuleni. Kinyaa kimetoka kwenye kunya, kitendo chenyewe cha chooni, na mpaka leo hakijanawa mikono. Ni tumbo kukataa kabla kichwa hakijaulizwa. Mkuu akaniuliza kama asubuhi nilikunywa petroli, kisha akasema haya, mshindi, lete mfano.

Nikafungua sanduku la kadi. Unazikumbuka: mwaka jana uliponiuguza nilikuachia bunda zima, ukaahidi kuandika maneno unayoyasikia nyumbani, kama yalivyosemwa, pamoja na jina la msemaji. Yako ilikuwa ya tatu. "Nikimlisha kaka nashikwa na kinyaa, hata chakula changu kinanishinda." Msemaji: mimi. Aliyeambiwa: mume wangu, jikoni.

Jikoni! Ukuta mmoja tu na kitanda changu. Na humo ndimo ulimokuwa ukitoka na bakuli, unaniita bwana harusi, unanifuta kidevu, unanibembeleza nimalizie kijiko cha mwisho. Nilikuamini. Kuna siku nilishiba, nikala tu ili nikufurahishe. Ungenichukia ningejua pa kuanzia, tungegombana, yakaisha.

Sasa nikiri langu. Miaka ishirini na sita nimewafokea wenzangu wanaogusa hata nukta ya mfano uliotoka kinywani mwa mtu. Wako nimeugusa. Ulipoandika "kaka" nimeweka "mgonjwa", na ndivyo mfano utakavyochapwa. Sikukusitiri wewe, niliona haya mimi. Mkuu aliusoma akausifu kwamba uko hai, akauliza ni wa nani. Nikamjibu kwamba msemaji hajulikani.

Wabusu watoto. Shemeji naye mpe mkono wangu. Mwaka mzima amejua, na bado ananitazama usoni na kunichekea vizuri. Nawatakieni afya njema.

Ni mimi,
Mgonjwa wako