Mkono wa Kupiga Litungu

Jumatatu, 3 Machi
Mvua. Abiria wa bodaboda wachache. Lakini Tarime nzima hakuna mwenye bahati kama mimi Mwita: babu aliniachia litungu lake, ala yetu Wakurya ya nyuzi, na mkono wa kulipiga. Nimetembea Mwanza, nimevuka Sirari mpaka Kisii, sijaona mwenzangu. Nilimwambia hivyo mwalimu wa historia nikiwa nimempakia. Kaniamini! Kidato cha pili wana mradi: watengeneze litungu wenyewe, walipige mbele ya wazee. Mimi ndiye fundi wao. Mimi, niliyeishia darasa la tano.

Alhamisi, 6 Machi
Watoto hawa ni moto. Bakuli la mti wamelichonga wenyewe, wakilipima kwa kamba na la babu. Binti mmoja, Ghati, ananipa shikamoo kisha ananihoji kama polisi wa mpakani. Ngozi inakaushwaje? Nikajibu motoni. Fundi hasiti.

Jumanne, 11 Machi
Ngozi imepasuka kama kisigino cha mchimba dhahabu. Kosa langu. Mkuu wa shule kasema litungu lisipolia Jumamosi, mradi basi, warudi kunakili ubaoni. Nilidhani watalia. Wapi! Wametawanyika kwa bibi zao kuuliza. Jibu: kivulini, polepole. Nikawaletea ngozi nyingine ya ndama kutoka buchani. Pikipiki inanuka, abiria wananikimbia. Sijali.

Ijumaa, 14 Machi
Bado mvua. Ngozi mbichimbichi. Wanapokezana kuipepea kwa madaftari. Ghati anajifunzia kwenye litungu la babu: bibi yake anaimba, yeye anautafuta wimbo kwenye nyuzi. Akitaka nimwonyeshe, nina abiria. Kila mara nina abiria.

Jumamosi, 15 Machi
Wazee wamejaa uwanjani. Mmoja akafoka, tangu lini msichana akapiga litungu?
“Tangu leo, tata,” Ghati akajibu, kama tunavyowaita baba zetu.
Kicheko. Akapiga. Ngozi ya litungu lao jipya ikashika! Mzee yuleyule akaanza kutikisa mabega. Mkuu wa shule naye akasimama kucheza. Mradi unaendelea. Nilitokwa machozi, nikasingizia vumbi. Kwenye matope.
Kisha mzee akaniita: “Haya fundi, tuonyeshe mkono wa babu yako!”
Nikasema kidole kimevimba.

Jumapili, 16 Machi
Ghati kanirudishia litungu la babu. Akakitazama kidole. Kizima kabisa. Hakucheka. Akalishika dole gumba langu, akaliweka kwenye uzi wa kwanza, akasema, “Anzia hapa, tata.”
Nimeupiga uzi huo hadi jioni.
Babu aliniachia litungu tu. Mkono sikurithi. Niliongopa.