Mstari wa Ukurasa wa Kumi na Saba

Antananarivo,
Jumatatu, 4 Agosti

Dada yangu mpendwa Bakoly,

Nakusalimu wewe, shemeji, na darasa lako zima la watoto wakorofi. Naomba barua hii ikukute mzima, miguu imeacha kuvimba kwa joto la huko Mahajanga, na shemeji kikohozi kimemwachia. Sisi huku baridi imetukamata kwelikweli. Mama anavaa makoti mawili ndani ya nyumba na bado analalamika kwamba nimeacha dirisha wazi, na dirisha limefungwa tangu Juni. Magoti yanamsumbua, ila anakula vizuri, na kwaya haachi.

Utashangaa kuona nimekuandikia kwa mkono wakati simu zipo. Nimekupigia mara tatu ndani ya siku hizi nne. Kila mara ukacheka, ukaniuliza habari za hali ya hewa, na mimi nikakujibu habari za baridi. Kukuandikia kwenye simu pia sikutaka, kwa sababu ambayo utaielewa. Barua hii ataileta Madamu Vero, jirani yetu, anayesafiri kesho kuja huko. Tafadhali isome ukiwa umekaa, na isome yote.

Kazi yangu unaijua, ingawa huwa unaitania kwamba nalipwa kwa kukodolea kioo. Watu hutuletea mafaili ya PDF, yale ambayo ukurasa wake umeganda, huwezi kusogeza hata nukta. Sisi tunayageuza yawe nyaraka za mtandaoni ambazo watu wengi wanaweza kuzifungua pamoja na kuandika ndani yake. Kompyuta inafanya sehemu kubwa, na mimi napita nyuma yake nikirekebisha ilipovuruga: majedwali yaliyoteleza, mistari iliyokatika, maneno yaliyogandana.

Mwezi uliopita Baba mkubwa Rajaona aliniita. Alisema kile kitabu cha ukoo, alichokiandika marehemu Baba mwaka 2004, kimepitwa na wakati. Watoto wamezaliwa kisiwani Réunion na Ufaransa, wengine tumewazika, na Septemba tunafungua kaburi la ukoo kuwageuza wafu wetu na kuwavisha sanda mpya. Alitaka kila tawi lijiandikie watu wake kabla ya siku hiyo. Akaniambia, “Wewe si ndiye fundi wa mambo haya? Kifungue kitabu, watu waandike.” Nilifurahi, Dada. Niliona fahari kushika kazi ya mkono wa Baba.

Alhamisi iliyopita, muda wa chakula cha mchana, nililigeuza faili lile kazini. Nikapitisha macho haraka kurasa mbili tatu za mwanzo, nikaona zimekaa sawa. Nilikuwa na njaa. Nikatuma linki kwa jamaa wote arobaini na watatu, Mama akiwemo, na nikamruhusu kila mmoja kuandika. Kisha nikaenda kula. Kosa langu la kwanza ni hilo, na kazini ningemfokea mtu yeyote ambaye angelifanya.

Niliporudi nikaanza kunyoosha majedwali. Nilipofika ukurasa wa kumi na saba, penye jina la Baba, nilikuta mstari ambao sijawahi kuuona maishani. Nilidhani kompyuta imeutoa mahali pengine. Nikafungua lile faili lililoganda, nikatazama ukurasa uleule: pale palikuwa na nafasi nyeupe tupu, upana wa kidole. Ndipo nikaelewa. Mtu alikuwa ameweka kipande cheupe juu ya maneno, mfano wa kitambaa. Jicho linaona weupe, na kwenye nakala zilizochapwa ulitoka weupe, lakini maneno yalikuwa bado chini yake. Kompyuta inapogeuza faili huchukua maneno yote, na kitambaa hukiweka kando.

Mstari wenyewe ulisema hivi: “Mkewe, Razanany, ni mzao wa watumwa. Yeye, watoto wake na watakaozaliwa nao wasiingizwe kaburini.”

Dada, niliusoma mara tatu. Sikumfikiria Mama kwanza, wala mimi mwenyewe. Nilimfikiria mwanao Toky, aliyelala mle kaburini mwaka wa nne sasa, pembeni ya Baba.

Nilipeleka kidole niufute. Hapo nikaona kwamba siko peke yangu. Mtu mwingine alikuwa kwenye ukurasa huo, mgeni asiye na jina, na kile kijimstari cha kuonyesha mtu yuko wapi kilikuwa kinapepesa mwishoni kabisa mwa neno “kaburini”. Hakikusogea. Nilikaa nimekitazama, mkono hewani, hata mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama naumwa. Ningefuta mbele ya macho ya mtu? Baada ya muda ambao siwezi kuupima, mgeni yule akaondoka. Nikaufuta mstari haraka.

Halafu nikakumbuka jambo ninalowafundisha wafanyakazi wapya kila wiki. Nyaraka hizi hazisahau. Kila kinachofutwa kinabaki nyuma, pamoja na saa na jina la aliyefuta. Mtu yeyote kati ya wale arobaini na watatu angeweza kurudi nyuma na kusoma kwamba mstari ulikuwepo, na kwamba Fanja binti Ratsimba ndiye aliyeuondoa. Kuiondoa hati yote nisingeweza tena. Watu wa Réunion walikuwa wameshaandika watoto wao sita.

Tangu hapo simu ikilia nashtuka. Ijumaa Shangazi Lalao alipiga, akaanza kwa sauti nzito, “Wewe Fanja, nimeyaona mambo uliyoyaweka kwenye hicho kitabu chako.” Nikajua yamefika. Akaendelea, “Umenipa mume wa dada yangu! Na watoto wake watano! Mimi yule mwanamume sikumtaka hata enzi za ujana wake, leo hana meno ndio unaniletea?” Kumbe jedwali lilikuwa limeteleza mstari mmoja. Nilicheka naye, nikakata simu, nikarudi kulinyoosha jedwali.

Nilijiuliza usiku na mchana yule mgeni ni nani. Jana nimejua.

Tulikuwa tumetoka kanisani, tunakula wali na mboga, mimi na Mama peke yetu. Akaweka kijiko chini akaniuliza, bila kuinua macho, “Ule mstari umeufuta wewe?”

Nami nikaweka kijiko changu chini. Akasema, “Nilikuwa pale. Niliona jina lako limekuja kusimama pembeni yangu, limeandikwa kwa zambarau. Nikasema, basi, mwanangu ameshajua.”

Ni yeye, Dada. Ile simu tuliyomnunulia kwa ajili ya kundi la kwaya. Alifungua linki na kwenda moja kwa moja kwenye jina la Baba, kutafuta kitu alichokijua tangu mwaka 2004. Alinisimulia yote. Wakati wa kuandika kitabu, wazee watatu walimwuliza kila mke kaburi la mababu zake liko wapi, naye hakuwa na la kuonyesha, kwa kuwa watumwa hawakuwa na makaburi ya ukoo. Wakapeleleza. Wakampa Baba masharti: aandike mstari ule, au jina lake mwenyewe litoke kitabuni. Wazee wawili wameshakufa. Wa tatu ni Baba mkubwa Rajaona. Macho ya Baba yalikuwa mabovu, kwa hiyo Mama ndiye aliyeshika karatasi ya wazee na kumsomea neno baada ya neno, naye akipiga chapa. Alinionyesha hata alivyokuwa ameketi.

Sasa sikiliza hili. Kitabu kilipochapwa, Mama hakuwahi kukifungua. Miaka ishirini na moja ameamini kwamba kila anayemsalimia ameusoma mstari ule, au atausoma kesho. Unakumbuka alivyong'ang'ania Toky azikwe hukohuko Mahajanga? Unakumbuka maneno tuliyomwambia, kwamba hana huruma? Alikuwa anaogopa watamrudisha mtoto mlangoni. Na aliyempokea Toky mlangoni mwa kaburi, akamwingiza kwa mikono yake, alikuwa Baba mkubwa huyohuyo. Mama anasema mpaka leo hajui kama alikuwa amesahau au amesamehe.

Nilichukua kompyuta nikamfungulia lile faili lililoganda. Nikamwonyesha pale peupe. Nilimweleza kwamba maneno yalifunikwa kabla kitabu hakijachapwa, na kwamba faili lilikuwa mikononi mwa Baba tu. Alipitisha kidole juu ya ule weupe, akarudia tena na tena. Akasema, “Ratsimba. Mjanja wewe. Na hukuniambia.” Kisha akalia kama sijawahi kumwona akilia, hata siku ya msiba.

Aliponyamaza aliniambia, “Rudisha.”

Nikamwambia, “Mama, wakimtoa Toky je?” Akanijibu, “Miaka yote hii nakaa nyuma harusini, nyuma kanisani, nisije nikaulizwa. Baba yako alifunika kwa kunipenda, lakini kimeshafunuka. Nikifa watauona, wabishane na maiti yangu ikiwa uani. Waulize sasa, nina mdomo wa kujibu.” Nilimsihi. Nilimwambia angalau tumpigie Bakoly kwanza. Akasema ukisikia utakataa, na yeye hatakuwa na nguvu ya kuomba mara mbili.

Ninayokuja kukiri ni haya, Dada. Leo asubuhi niliurudisha mstari ule mahali pake, kwa jina langu, bila kukuuliza wewe mwenye mtoto. Chini yake nikaandika aliyoniambia Mama: “Mimi Razanany nipo hai, nimeusoma. Mjukuu wangu Toky yumo ndani.” Kufika saa nne watu kumi na mmoja walikuwa wameufungua ukurasa. Hakuna aliyeandika neno. Nimekaa nikiwaona wanaingia, wanasimama pale, wanatoka.

Saa sita Baba mkubwa alipiga. Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote. Alisema, “Nimesomewa. Jumapili nyote mje kwangu, na mama yenu. Mwambie Bakoly aje, na alete shuka mpya ya hariri ya mtoto.” Akakata.

Shuka ya namna hiyo ni ya kumfungia maiti. Anaweza kuwa anaitaka kwa ajili ya Septemba, Toky avishwe upya kama wenzake na kurudishwa mahali pake. Anaweza pia kuwa anaitaka ya kumbebea njiani, Toky atolewe kaburini asirudi. Sikuthubutu kuuliza. Nilipomweleza Mama, aliniuliza swali moja tu: “Alisema ‘mtoto’, au alimtaja Toky kwa jina?” Kwake, anayetajwa kwa jina bado anahesabiwa kuwa wa ukoo. Nimejaribu kukumbuka tangu mchana, Dada. Hapa nimekuandikia “mtoto”, lakini sina hakika. Nilikuwa naogopa, sikusikia vizuri.

Njoo kabla ya Jumapili. Nikasirikie hapahapa, nikiwa nakuona. Mama anakusalimu, anasema uvae vizuri njiani kwa sababu ya baridi, na shuka usinunue ya bei rahisi. Msalimie shemeji, na umweleze kwa namna utakayoona inafaa.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na kukuogopa,

Fanja