Bia ya Wifi Haitaki Hewa

Kaka mpendwa,

Sisi hatujambo, na paa la jikoni limeacha kuvuja. Leo nataka nikusimulie habari za mkeo.

Tangu apunguzwe kazi kiwandani, wifi anatengeneza bia nyumbani. Mwanzoni ilikuwa tamu kwa siku chache tu, kisha ilibadilika rangi na kunuka boksi lililoloa. Mimi ningekata tamaa. Yeye alionja chupa baada ya chupa mpaka akamjua mbaya wake, yaani hewa inayoingia bia ikishachachuka.

Sasa haimimini tena. Anashusha mpira mwembamba mpaka kwenye kitako cha chupa, bia inapanda taratibu bila kuchuruzika, na povu likifika mdomoni linaisukuma hewa nje, ndipo anafunga kizibo. Mikono yake imetulia kiasi kwamba nami najikuta nimebana pumzi.

Juzi alikuja meneja wa hoteli, akaonja chupa iliyokaa miezi mitatu. "Hii umeitengeneza wiki hii?" akauliza. Wifi alipomwambia ukweli, akampa kazi palepale. Wifi alicheka, kaka, kicheko ambacho sijakisikia tangu uondoke.

Kazi yenyewe iko mji mwingine, na anahama mwisho wa mwezi. Nikamwuliza, "Na kaka akirudi?"

Akafuta meza kwanza, kisha akasema, "Mwambie nilimngoja vizuri."

Sikumzuia. Nimemsaidia kufunga mizigo.

Ni mimi mdogo wako, nisiyeacha kukupenda.