Mrudishie Baba Randa Yake

Mdogo wangu,

Barua yako imefika na imenichoma. Eti umemfungia Baba randa kabatini asijiumize, ukamkalisha kitini kama mgeni rasmi! Baba ana Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, hajafa. Daktari alituambia sote: dawa kwa saa yake, na mwili ufanye kazi kila siku. Mtu aliyekuwa seremala miaka arobaini, mazoezi yake ni yapi kama si kuranda mbao? Mrudishie leo, nawe usimame karibu yake.

Huku ni kubeba matofali tu. Jana msimamizi aliniuliza, "Wewe, umelewa asubuhi yote hii?" Sijalewa. Mkono wangu wa kushoto umeanza kutetemeka kama wa Baba.

Usimwambie. Niandikie tu kama akiranda mkono wake unatulia.

Kaka yako, ambaye hasira haijamtoka