Mzigo Alioutupa Babu Feruzi

Kamembe, Rusizi

Papa yangu mpendwa,

Mwanao Yusufu anakuamkia kwa heshima. Najua masikio yako na simu hayapatani tena, ndiyo maana nimeamua kuandika, na Dada Zaina akusomee polepole bila kuruka mistari. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma umeipata, au Zaina amejipaka yeye? Sisi huku tuko wazima. Mke wangu Fatuma tumbo limekuwa kubwa, anatembea ameshika kiuno na kunigombeza kwa kila kitu, kwa hiyo najua afya anayo. Daktari alimtazama kwenye mashine akasema ni mvulana. Inshallah mwezi ujao hautaisha kabla hujapata mjukuu.

Ni kuhusu mjukuu huyo nina neno. Unakumbuka nilipokuja nyumbani kwa sikukuu ya Idi nilikuomba, Mungu akinipa mvulana, nimwite jina la babu yako, Feruzi. Hukunijibu. Ulichukua fimbo yako ukaenda msikitini, na adhana ilikuwa bado saa nzima. Sikukasirika, Papa. Najua ulivyokua hapo Kasongo ukiitwa mtoto wa nyumba ya mtupa-mzigo, kwa sababu babu yako alibebeshwa mizigo ya Wabelgiji katika vita yao na Wajerumani, na alipofika huku, kwenye vilima vya juu ya mto Rusizi, akautupa mzigo chini akakimbia. Wenzake waliorudi ndio walioleta habari hiyo. Tangu hapo hakuna mtoto wetu hata mmoja aliyepewa jina lake.

Sasa sikiliza mambo yalivyonijia. Siku moja kwenye kibanda changu sokoni alikuja mama mmoja wa miaka kama hamsini, wanamwita Maman Véro, amevaa buti za mvua na kubeba kipande cha turubai kwapani. Alitaka nimshonee mfuko wenye mikanda ya mabegani na mshono usiokatika. Nikamuuliza anataka kubeba nini humo, mawe? Akasema mchanga. Nilidhani ananitania. Kumbe kazi yake ni kuongoza wageni: anawapeleka wazungu, mmoja mmoja au wawili wawili, kuona mahandaki ya vita ile ile na njia walizopita wapagazi. Alikulia Bukavu, akarudi huku na wazazi wake, na habari hizo alizikusanya mwenyewe kwa wazee wa vilimani. Nilimshonea mfuko kwa ule mshono wa kurudia ulionifundisha wewe, na kabla hajaondoka nilikuwa nimeshamwomba anipeleke na mimi. Alinitazama mara mbili. Alisema watu wa hapa hawamwiti kamwe, wanaona vita ile ilikuwa ya wazungu peke yao.

Jumapili tukapanda moto mbili, zile pikipiki za abiria, mpaka zilipogoma kwa matope. Nilivaa viatu vyangu vya Ijumaa, vile vya kung'aa, unanijua. Nilitegemea kutembea nimefunga mikono nyuma, nikionyeshwa huku na kule kama mkubwa wa serikali. Pale njia inapoanza kupanda, Maman Véro akatoa ule mfuko niliomshonea, akaujaza mchanga mpaka ukawa na uzito wa nusu mfuko wa simenti, akanigeuza, akanivalisha mgongoni. Ndivyo anavyofanya kazi. Hasimulii vita mpaka mgeni abebe kwanza.

"Bapagazi balikuwa banabeba hivi siku muzima," akaniambia. "Utabeba mpaka kule juu ku handaki. Kisha ndiyo tutaongea."

Papa, mimi ni mtu wa kukaa kwenye cherehani. Mwanzo nilicheka na kumwambia atafute mfuko wa pili. Baada ya kona ya kwanza mikanda ikaanza kunikata mabega, mikanda niliyoipima mwenyewe. Udongo ulikuwa umelowa, viatu vya Ijumaa vikateleza kama sabuni. Wanawake waliokuwa wanapalilia maharagwe wakasimama kunitazama, na mmoja akamuuliza Maman Véro kwa Kinyarwanda nimekosa nini. Nikajiambia nitafika kwenye mgomba ule, halafu kwenye ule mwingine. Kwenye kona ya tatu sijui kilichotokea. Nilisikia tu puu, mfuko uko chini, na mimi nimekaa kando yake nahema. Sikuutua, Papa. Niliutupa. Ila mshono haukukatika hata uzi mmoja, hilo nakuambia kama fundi kwa fundi.

Maman Véro akakaa karibu yangu, akanipa maji. Hakunicheka. Alisema wageni wote aliowaleta wanaishia pale pale, wengine kabla. Basi nikamweleza habari za Babu Feruzi, na sijawahi kumweleza mtu wa nje. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza babu alitokea wapi. Nikamwambia Kasongo. Akageuka kutazama upande wa Kongo.

"Toka Kasongo mpaka hapa, kwa miguu, na muzigo," akasema. "Hiyo yote hakuna mwenye anaihesabu. Kwenu munahesabu tu mahali aliutupia."

Akanieleza kwamba wapagazi wengi hawakutupa kitu. Walikufa njiani kwa njaa na kuhara, na hakuna ajuaye walipolala. Na aliyetupa, akikamatwa alichapwa vibaya, kwa hiyo kukimbia nako kulitaka moyo. Tukapanda juu bila mzigo. Handaki lenyewe siku hizi ni shimo refu lenye majani, na mtu amefunga mbuzi wake humo. Niliingia nikasimama karibu na yule mbuzi, nikalia, na sioni aibu kukuambia. Babu yako alirudi Kasongo kwa miguu akiwa mzima, akaoa, akamzaa baba yako. Angeung'ang'ania mzigo ule, leo nisingekuwa na baba wa kumwandikia.

Nisalimie kaka yangu mkubwa Ramazani na wanawe, na Shangazi Mwajuma, mwambie kanzu ya mumewe nimeshaikata bado kushona. Msalimie sana Mwalimu wangu wa Kurani, usimwambie habari za viatu.

Na wewe Zaina, ukimaliza kusoma usimuulize Papa kitu. Mwache akae.

Papa, Fatuma na mimi tunakungoja. Bila ruhusa yako hatutamwita mtoto jina hilo. Ukikubali, mwambie Zaina anitumie kwenye simu neno moja tu, Feruzi, na mimi nitaelewa. Na kama jina hilo bado linakulemea, basi liweke chini, Papa. Hakuna wa kukucheka hapa. Mimi mwenyewe nimetupa mzigo, na wanawake wa maharagwe ni mashahidi.

Mwanao akupendaye,
Yusufu, fundi cherehani