Vinara vya Mfaransa

Jumatatu, 4 Julai 1983

Friji haikuja! Miaka sita mume wangu Mbuthia amekuwa dereva wa yule Mfaransa, na miezi mitatu ameahidiwa friji siku bosi akirudi kwao. Leo ameingia na mkokoteni. Juu yake vinara viwili vya mishumaa. Shaba. Ati vina miaka mia. Nikamwambia sufuria yangu ya ugali pia ni ya zamani na hakuna anayeisifu.

Kila kinara kina katoto kenye mabawa, uchi wa mnyama, kameshika matawi matano. Nimevipima kwa mizani yangu ya makaa: kilo kumi na moja kila kimoja. Kilo ishirini na mbili za shaba, na maziwa yatachacha vilevile!

"Mama Wangu," ananiambia, "huu ni urembo wa nyumba."

Alhamisi, 7 Julai

Wageni ni Jumamosi. Mzee Njogu na watu wake, kuja kuzungumza mahari ya binti yetu Wangu. Nyumba hii nimeijenga mimi, chumba kwa chumba, kwa kuuza makaa. Sitaki iaibishwe na mishumaa. Mbuthia hasikii — anasugua shaba tangu asubuhi.

Jirani yangu Habibo, mwenye duka la jumla, alikuja kuchungulia. Akauliza mbona watoto hawana nguo. Nikawafunga vitambaa vya kochi kiunoni, wote wawili. Habibo akacheka mpaka akakaa chini. "Sasa wapeleke shule, dada!"

Jumamosi, 9 Julai

Mungu wangu. Nianzie wapi?

Meza ndefu katikati ya sebule. Juu yake mbuzi mzima wa kuchoma, kachinjwa asubuhi na Ngigi wa duka la nyama, hajakatwa, maana kukata ni mbele ya wageni. Juu ya mbuzi, shuka nyeupe, maana nzi wa jalala la hapa Dandora hawangoji kukaribishwa. Shuka ni yangu, sikatai. Lakini Mbuthia! Amefunga mapazia saa nane mchana, ili mwanga uonekane. Kinara kimoja upande wa kichwa, kimoja upande wa miguu. Mishumaa kumi inawaka. Kisha huyoo, kwenda stendi kuwapokea wageni. Wakapishana njiani.

Mimi niko jikoni. Nasikia wimbo. Wa polepole. Nikasema watu hawa wana dini, wanaombea chakula. Nikatoka nikaitikia amina kwa sauti.

Mzee Njogu alikuwa amevua kofia. Dada yake Wacuka amejifunika leso usoni.

"Pole sana, mama. Hatukuambiwa. Ilikuwa lini?"

"Leo asubuhi," nikasema. "Alisumbua kidogo, lakini Ngigi wa buchari alimmaliza haraka."

Mzee akarudi nyuma hatua moja.

"Alimmaliza?"

"Kwa kisu kimoja tu. Karibuni, bado yuko moto."

Wacuka alipiga yowe, nadhani Kariobangi walilisikia. Nikafunua shuka waone ni nyama tu — nani alibaki kutazama? Walikuwa wameshafika getini, wanawaambia majirani kwamba mwenye nyumba amelala mezani. Mbuthia aliporudi kutoka stendi alikuta uwanja umejaa akina mama na sukari ya rambirambi, wanamlilia. Yeye mwenyewe! Syombua wa nyumba ya pili alipomwona akaangusha chupa ya maziwa.

Wangu amejifungia chumbani. Na Mbuthia ananiuliza: je, walivisifu vinara?

Jumapili, 10 Julai

Nyama imebaki nyingi. Friji hakuna.

Jumanne, 12 Julai

Mchumba wa Wangu ameleta ujumbe. Kijana mpole, hakunywa hata chai. Shangazi yake Wacuka anasema nyumba inayochezea kifo si ya kuoa. Lakini babake, Mzee Njogu, atakuja Jumamosi. Mara moja tu, na wakitoka mbio tena, hakuna ndoa. Anataka mapazia wazi. Shuka isiwepo. Na mbuzi awe amesimama kwa miguu yake minne, wamwone.

Wangu alinitazama kama mimi ndiye niliyetoka Ufaransa.

Nimemwambia Mbuthia sitaki kuona kinara sebuleni. Akakubali. Haraka mno.

Jumamosi, 16 Julai

Karibu saa sita. Mapazia wazi, sebule inang'aa. Naandika nikingoja wali. Kinara sebuleni hakuna, kweli.

Nimechungulia nje. Viko mlangoni! Kushoto na kulia, vinawaka mchana kweupe, na mbuzi amefungwa katikati.

"Si ulisema sebuleni?" ananiuliza.

Mbuzi ameshamvua malaika mmoja kitambaa. Sasa anatafuna mshumaa. Na wageni hao, getini! Wangu amekuja nyuma yangu, amenishika mkono. Kuna mtu anacheka huko nje, anacheka mpaka anakohoa — sijui ni wa kwetu au ni wa kwao —