Pikipiki ya Theluji Tuliyoitengeneza Mobeni

Papa Gloire,

Bado nakuita kwa jina la binti yako, kama mlivyonizoesha ninyi watu wa Kongo. Ni mwezi wa tano sasa tangu tukuzike. Nimechelewa kuandika kwa sababu najua ungeruka salamu zote ukatafuta neno moja tu: mashini iko namna gani? Na mimi sikuwa na jibu.

Leo ninalo, lakini acha nianzie mbali kidogo. Ni Jumapili asubuhi, nimekaa uani kwa gereji yako, na ukungu wa baharini umeshuka hadi kwenye mapaa ya maghala. Mtaa wote wa Mobeni, hapa Durban, ni mweupe. Ungekuwepo ungesema tumeshafika.

Unakumbuka siku uliyoinunua? Ulikuwa mnada wa vitu vilivyotelekezwa ghalani. Ilifunikwa turubai, umetokeza usukani tu na kipande cha kioo cha mbele. Ukaninong'oneza, "Redio, iko jet ski. Tutakodisha kwa batu ya plage, kule baharini." Redio lilikuwa jina ulilonipa, kwa kuwa ulidai Kiswahili changu ni cha mtu anayesoma taarifa ya habari. Hakuna mwingine aliyenyoosha mkono, nawe ukaona hiyo ni bahati. Hukutaka hata turubai lifunuliwe, wengine wasije wakashtuka.

Tulilivuta tulipofika hapa. Mbele ilikuwa na nyayo mbili pana kama za bata, na chini mkanda wa mpira uliochanika. Tuliizunguka. Gloire aliporudi kutoka chuoni Westville alicheka mpaka akakaa chini. "Papa, hii inatembea kwenye theluji." Nawe ukamwuliza kwa upole kabisa, "Na theluji iko wapi hapa Durban?"

Wiki nzima madereva wa teksi walipunguza mwendo getini. "Eish, Papa, winta inaanza lini?"

Nilidhani utaiuza chuma chakavu. Lakini jioni ile, tukila chikwanga, ule mkate wenu wa muhogo, na samaki, ulinisimulia kwamba ulipokuwa mtoto kule Beni, asubuhi ambazo mawingu yamefunguka, mlikuwa mnaona weupe juu ya Ruwenzori, na bibi yako akikwambia ni unga uliomwagika. Nikakwambia mimi ni mtu wa Moshi, nilikuwa nikiuona weupe kama huo kila nilipokwenda shule. Tukatazamana. Wanaume wazima wawili, tumekua tukiiona theluji kwa mbali, na hakuna aliyewahi kuigusa. Ulifuta mikono kwenye ovaroli. "Basi tutaitengeneza," ulisema. "Lesotho haiko mbali. Kule inaanguka."

Ikawa kazi ya Jumapili zetu, karibu miaka miwili. Fedha za vipuri hatukuwa nazo, ila ulikuwa na macho. Mkanda uliopasuka uliuunga kwa kipande cha mkanda wa kubebea mizigo kiwandani, ukaupigilia ribiti moja moja. Kamba ya kuwashia ilitoka kwenye mashine ya kukata nyasi iliyotupwa Berea, karibu na ninapokaa. Niliibeba mashine nzima begani hadi kituoni, na abiria wakanipisha kama nimebeba mgonjwa. Taa ilikuwa ya skuta. Kioo cha mbele ulikikata kutoka bango la duka la simu, na mpaka leo ukikitazama juani unaona kivuli cha herufi. Rangi ilikuwa ile iliyobaki kwenye teksi ya jirani, nyeupe kidogo na njano kidogo. Ukazichanganya, ikatoka rangi ya maziwa ya mtindi, ukasema ndiyo hasa uliyoitaka.

Na siku ile ya kuijaribu. Ulifunga magurudumu ya toroli chini ya nyayo, ukamwaga maji ya sabuni sakafuni ili mkanda uteleze. Ikawaka, ikatetemeka, ikasogea. Ulishuka ukapima kwa miguu yako. "Lesotho imepunguka na hatua ine," ulisema, ukaenda kunawa.

Kilichobaki kilikuwa kiti, kazi yangu mimi fundi wa kushona viti vya magari. Kila Jumapili nilisema ijayo. Hukunisukuma hata mara moja. Kisha moyo wako ukasimama siku ya Jumanne, ukiwa kwenye foleni ya mkate, na kiti kikabaki sponji tupu. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Nisamehe.

Siku ya kuondoa matanga ndugu zako walitandaza nguo zako mkekani wakazigawa, kama desturi yenu. Mimi nilipewa ovaroli ya bluu. Sikuifua. Niliitundika nyuma ya mlango wangu, na asubuhi nyingine nikiwa nusu usingizini nilidhani umekuja kuniamsha.

Kisha mwenye uwanja akataka uwanja wake. Wanunuzi wa vyuma waliambiwa waje kesho, Jumatatu. Nilimwomba mkeo aniachie pikipiki. Akasema, "Redio, ikiwaka iko yako, uipeleke kule alikuwa anataka. Kama haiwake, iende na vyuma vingine. Sitaki kuona kitu yake inakufa mara mbili."

Jumamosi tatu nilivuta kamba. Nilibadilisha petroli, nikafungua kabureta na kuisafisha kama nilivyokuona ukifanya, nikavuta tena mpaka kiganja kikachubuka. Hakuna kitu, hata kikohozi. Mimi najua sindano na uzi, Papa Gloire. Injini ulikuwa ukiijua wewe.

Alhamisi nikakata tamaa. Nikasema, kama inakwenda kuyeyushwa, angalau isiende uchi. Nilianza kushona kiti kwa ile ngozi ya bandia nyekundu. Ikapungua viganja viwili, mbele, pale anapokaa dereva. Nilizunguka chumba nikitafuta kitambaa, na kila nilipogeuka ovaroli ilikuwa inanitazama. Nikaiteremsha. Nilianza kukata kifuani, mkasi ukagonga kitu kigumu.

Ilikuwa plagi ya injini, ile ya kutoa cheche, uliyokuwa ukiiita bougie. Ilikuwa safi, imefungwa kwenye kile kipande chekundu nilichokupa kama sampuli ya kiti.

Nilikaa kitandani nayo. Ndipo nikakumbuka mgongo wako. Kila tukifunga kazi ulikuwa ukiinama juu ya injini, halafu unapapasa kifua. Jumapili inayofuata unainama tena, unapapasa tena. Nilidhani ni maumivu, nikaona haya kuuliza. Kumbe ile niliyohangaika nayo ilikuwa plagi mbovu, ya kuziba tundu tu vumbi lisiingie. Ulikuwa ukiondoka na ile nzima mfukoni, mtu asije akaiwasha bila sisi.

Jana asubuhi nilimwita mkeo na Gloire. Nilifunga kiti, nikafunga plagi. Mvuto wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya, na Gloire akatazama pembeni. Wa tatu ikawaka. Moshi wa bluu ulijaa uwanja, ukachanganyika na ukungu, hatukuonana. Moshi ulipopungua, mkeo alikuwa amekaa kwenye kiti, mbele, juu ya ile bluu, kitenge mdomoni. Alingoja injini ipate moto. "Inakohoa kama yeye asubuhi," alisema. Halafu akashuka, akaniambia nizime, tusimalize petroli ya safari.

Kwa hiyo wanunuzi wa vyuma watakuta mahali pake patupu. Mfuko wa ovaroli sikuukata. Niliushona mzima ubavuni mwa kiti, na kifungo chake. Plagi inalala humo, kama ulivyokuwa ukiilaza.

Nakuahidi hivi. Mwezi wa saba, baridi ikishika, Gloire ataendesha pikapu ya kuazima na mimi nitakaa nyuma na pikipiki yetu, mpaka kule juu inakoanguka theluji. Nitavua glavu. Nitaigusa kwa mkono wa kulia kwa ajili yangu, na wa kushoto kwa ajili yako. Kisha nitachota kidogo niiweke kwenye mfuko wako, nifunge kifungo. Najua itayeyuka kabla hatujateremka mlima. Acha iyeyuke. Nitaikalia bluu hiyo ikiwa bado imelowa.

Pumzika, Papa Gloire. Kiti kimekwisha.

Redio